Mazuku, ule “upepo mbaya” wa Goma na Sake: kipi ni kweli, kipi ni hadithi?

Neno mazuku linajulikana Goma, Sake na pande zote za kaskazini ya Ziwa Kivu. Mbuzi inakutwa imekufa mu shimo bila kidonda. Mtoto anashuka mu bonde ndogo kufuata mpira, harudi. Asubuhi watu wanakuta ndege, panya na mijusi zimelala fasi moja, hakuna damu, hakuna alama ya meno. Kiisha maneno yanaanza: ni mizimu, ni shetani wa volkano, ni jirani mwenye alitupa dawa, ni watu wa usiku.

Habari hii inaeleza kile kinajulikana juu ya mazuku na inapima yale maneno moja kwa moja. Haiko hapa kwa kucheka wazee wala imani ya mtu. Lakini tuseme wazi tangu mwanzo: kifo cha mazuku ni cha kweli kabisa. Kile kinatiliwa shaka ni jina la muuaji. Na jina la muuaji likikosewa, watu wawili wengine wanaingia mu hatari: yule atashuka mu shimo lile lile kesho, na yule mama mzee mwenye atashutumiwa uchawi juu ya kifo chenye hakujua hata kilitokea.

Mazuku ni nini?

Mazuku ni fasi ya chini, kama shimo, bonde ndogo, pango ama ufa mu majiwe ya volkano, yenye imejaa gazi karboniki, ile wanaandika CO2. Wanasayansi wamekubali jina la kwetu: hata mu vitabu vya volkano vya Ulaya na Marekani wanaandika “mazuku”, na wanaeleza kama ni neno la watu wa Kivu lenye maana ya upepo mbaya.

Gazi hii inatoka chini sana, fasi kuko magma, ile mawe iliyoyeyuka yenye inalisha volkano. Inapanda pole pole kupitia nyufa za zamani mu udongo. Majiwe ya lava yenye yamefunika pande za Goma yana matundu, mapango na njia za chini kwa chini. Gazi inapita humo, inatokea juu, inajikusanya fasi yenye haina njia ya kutoka.

Si lazima volkano iwe inalipuka. Nyiragongo na Nyamulagira zinaweza kuwa kimya mwaka mzima, na mazuku ikaendelea kutoa gazi kila siku.

Mazuku nyingi ziko upande wa magharibi wa mji wa Goma, kuelekea Sake, kandokando ya ziwa. Watu wa Himbi, Kyeshero, Mugunga, Bulengo na Lac Vert wanazijua. Zingine ziko mu mashamba, zingine karibu na njia, zingine karibu na nyumba za watu.

Inaua namna gani?

Hewa yenye tunapumua kila siku iko na oksijeni karibu 21 kwa mia. Gazi karboniki iko kidogo sana mu hewa ya kawaida, karibu 0,04 kwa mia. Sisi wenyewe tunaitoa tukipumua, na haituletei shida.

Shida inaanza ikiwa mingi. Ikifika 5 kwa mia, mtu anahema haraka, kichwa kinauma, moyo unapiga mbio. Ikifika 10 kwa mia, anaweza kuzimia kwa dakika chache. Ikifika 30 kwa mia, anaanguka kiisha kuvuta pumzi mara chache tu. Na vipimo vimekuta mazuku zenye gazi hii imepita nusu ya hewa yote ya mule ndani. Mtu mwenye anaingia mule hana nafasi ya kupiga kelele. Magoti yanalegea, anaanguka, na kuanguka kwenyewe kunamuweka chini zaidi, kule gazi iko mingi zaidi. Juu ya hiyo hakuna alama ya kupigana wala kidonda, na watu wanasema: “Huyu hakufa kifo cha kawaida.”

Kitu cha pili cha kuelewa ni uzito. Gazi karboniki ni nzito kupita hewa, karibu mara moja na nusu. Hapo hakuna upepo, inafanya kama maji: inashuka, inajaza fasi ya chini, na ikijaa inamwagika kuelekea fasi yenye iko chini zaidi. Tofauti ni kwamba maji unayaona. Gazi hii haina rangi, haina moshi, haina harufu ya kukuonya.

Basi ndani ya shimo moja mtu mkubwa mwenye amesimama anaweza kupumua vizuri, na mtoto mwenye iko karibu naye anaanguka, juu pua yake iko chini ya mstari wa gazi. Nchini Italia, karibu na mji wa Naples, kuko pango moja lenye lilijulikana zamani kwa jina la Pango la Mbwa. Wageni walilipa ili kuona muujiza: kiongozi anaingia na mbwa, yeye anabaki mzima, mbwa inazimia. Wakiitoa nje haraka, inaamka. Watu waliona kama uchawi. Sababu ilikuwa ni kimo: gazi ilikuwa inafika mu magoti ya mtu, na pua ya mbwa iko chini ya magoti. Ni gazi ile ile ya mazuku.

Maneno ya watu, moja kwa moja

“Mazuku inatembea usiku.” Neno hili lina ukweli ndani. Mchana jua linachoma udongo, hewa inapanda, upepo wa ziwa unavuma, na gazi inachanganyika na hewa na kupungua nguvu. Usiku hewa inapoa na kutulia. Gazi inajikusanya, inaweza kujaa mpaka mdomo wa shimo na kumwagika pembeni. Juu ya hiyo shimo lenye watoto walipita saa saba mchana bila shida linaweza kuua saa kumi na moja ya asubuhi. Haikutembea kwa miguu. Ilijaa tu, sawa vile ndoo chini ya mvua.

“Ni mizimu ya volkano.” Wazee wa milima ya Virunga wamesimulia tangu zamani kwamba roho za wafu zinakaa mu milima ile ya moto. Hiyo ni sehemu ya desturi na hatuna haja ya kuibishia hapa. Lakini tujiulize: mzimu wenye unachagua mtu wa kuadhibu, juu ya nini unaua mijusi, panzi, nyoka na mbuzi mu shimo lile lile? Juu ya nini unamuacha mtu mrefu na kumchukua mfupi? Mazuku haichague mwenye dhambi. Inafuata kimo cha pua na saa ya siku.

“Ni dawa ya jirani.” Neno hili njo baya kupita yote. Katika Kivu tunajua namna sumu inasemwa: mtu akifa haraka, kartie nzima inatafuta nani alimpa chakula. Na katika Kivu ya Kusini wamama wazee wameuawa juu ya kushutumiwa uchawi, wengine wakichomwa moto na watu wa kijiji chao. Sumu ya mtu inafuata sahani ama kikombe. Mazuku inafuata fasi. Ikiwa mtu alianguka mu shimo, na mbwa mwenye alimfuata akaanguka pia, na wiki iliyopita kuku zilikufa pale pale, muuaji iko mu shimo. Haiko mu nyumba ya jirani.

“Ukinusa utajua.” Hapana. Ile harufu kali ya kama yai bovu, ama moshi wenye unakoholesha, inatoka na gazi zingine za volkano. Gazi karboniki haina harufu. Ikiwa mingi sana, wengine wanasikia uchungu kama wa soda mu pua na mu mdomo. Lakini kusubiri mpaka usikie hivyo ni kusubiri mpaka umechelewa.

“Buji ikiwaka, hakuna hatari.” Hapa ni lazima tuwe waangalifu, juu neno hili ni nusu kweli, na nusu kweli inaua pia. Ni kweli kwamba gazi karboniki inazima moto: buji ama taa ikishushwa na kamba mu shimo na ikizima, mule hamna hewa ya kutosha. Lakini buji inaendelea kuwaka hata wakati gazi imefika kiasi chenye kinaweza kuzimisha mtu. Buji ikizima, ni amri ya kutoka. Buji ikiwaka, haiko ruhusa ya kuingia. Tena fasi yenye iko na mafuta ama gazi zingine, moto unaweza kulipua.

“Kitambaa chenye maji mu pua kinakinga.” Hapana. Kitambaa kinazuia vumbi na majivu. Gazi karboniki inapita ndani yake bila shida. Hata ile barakoa ya wakati wa Covid haisaidie kitu. Mtu mwenye anaingia mu gazi hii lazima abebe hewa yake mwenyewe mu chupa, kama wanavyofanya wazimamoto wenye vifaa.

“Volkano ikitulia, mazuku inakwisha.” Hapana. Kuna mazuku zenye zimejulikana miaka na miaka, zikiua mifugo wakati volkano iko kimya. Kiisha matetemeko ama mlipuko, nyufa zinaweza kubadilika na gazi ikatokea fasi yenye haikuwa. Basi kusema “hapa hapajawahi kuua mtu” haitoshi.

Wazee walijua nini?

Mtu akisoma haya anaweza kusema: basi wazee walikuwa na ujinga. Hapana, wazee walijua vitu viwili vyenye maana sana. Walijua wapi, na walijua saa gani. Walikataza watoto kushuka mu mabonde fulani. Walisema usilale mule, usichunge mule asubuhi na mapema, ukiona ndege zimekufa rudia njia yako. Ile miiko iliokoa watu wengi kabla ya chombo cha kupima gazi kufika Goma.

Kosa lilikuwa mu swali la tatu: nani? Walijibu kwamba ni upepo wenye nia mbaya, ama roho. Kwa mtu mwenye anaheshimu mwiko, jibu hilo halikumuua. Lakini siku hizi watu wengi wenye wanakaa pande za magharibi ya Goma hawakuzaliwa pale. Walikimbia vita Masisi, Rutshuru, Kalehe na kwingine. Hawakusikia mwiko wa fasi ile kutoka kwa nyanya yao. Walisikia tu hadithi ya mizimu, na mtu anaweza kusema: “Mimi nimeokoka, mizimu haiwezi kunigusa,” kisha akashuka mu shimo.

Ile ardhi yenye hakuna mtu alitaka kujenga njo imepewa wenye hawana fasi. Mugunga ilikuwa kambi kubwa ya wakimbizi tangu 1994. Bulengo na Lac Vert zilijaa wahami katika miaka ya karibuni. Mtu mwenye ametembea siku tatu na watoto anatafuta fasi yenye haina upepo wa baridi: nyuma ya ukuta wa majiwe, ndani ya bonde ndogo. Fasi yenye inakinga upepo njo fasi yenye gazi inajikusanya.

Kujenga nako kunabadilisha mambo. Mtu anachimba shimo la choo ama msingi wa nyumba, anafungua ufa. Mwingine anafunika bonde na udongo na kujenga juu. Gazi haikwishe juu ya kufunikwa. Inatafuta njia ingine, na njia hiyo inaweza kuwa chumba cha kulala chenye kiko chini kupita barabara.

Mtego wa pili: kushuka kuokoa

Tusimame kidogo hapa, juu ni hapa mazuku inachukua watu wengi kwa mara moja. Wa kwanza anashuka kufuata mbuzi. Anaanguka. Ndugu yake anaona, anaruka kumuinua. Anaanguka. Jirani anasikia kilio, anakimbia. Katika ajali za mashimo, visima na matangi duniani kote, sehemu kubwa ya wafu ni wale walishuka kuokoa mwenzao.

Watu wakikuta maiti tatu za jamaa moja mu shimo moja, wanasema: “Hii ni laana ya familia.” Kile kiliwaua wale wawili wa nyuma ni mapendo yao, na kutojua kwamba shimo lilikuwa bado limejaa. Juu ya hiyo kazi ya kueleza mazuku haiko ya wanasayansi peke yao. Ni ya mchungaji, padri, imamu, mwalimu, shefu wa kartie na mama wa nyumba.

Na ziwa je? Litalipuka?

Ukizungumza mazuku mu Goma, mazungumzo yanafika mu ziwa. Hapa uvumi ni mwingi, na ukweli wenyewe ni mzito, basi tutofautishe.

Ziwa Kivu lina kina cha karibu metre 485. Chini kule kuna gazi nyingi sana zenye zimeyeyuka mu maji: kwa kukadiria, kilomita za ujazo 300 za gazi karboniki na 60 za metani. Uzito wa maji ya juu unazikandamiza, sawa vile kizibo cha chupa ya soda kinazuia povu. Upande wa Rwanda, karibu na Karongi, kiwanda cha KivuWatt kinatoa metani mu maji na kuifanya umeme.

Hatari hii haiko hadithi, juu imetokea fasi ingine. Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilitoa gazi karboniki kwa ghafla usiku. Ile wingu nzito ilishuka mu mabonde na kuua watu zaidi ya 1 700 na maelfu ya mifugo, mpaka umbali wa kilomita 25. Miaka miwili mbele, mwaka 1984, Ziwa Monoun, Kameruni pia, lilikuwa limeua watu 37. Hata kule maneno yalianza mara moja: wengine walisema ni mizimu ya ziwa, wengine walisema ni bomu la wazungu. Wanasayansi walipima maji, wakakuta gazi. Tangu 2001 bomba limewekwa mu Ziwa Nyos ili kutoa gazi pole pole. Uvumi wa bomu haukuokoa mtu. Bomba linaokoa.

Kwa Ziwa Kivu, tunaweza kusema hivi. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kuingia mu ziwa, lakini gazi ya chini haikupanda. Mwaka 2021, volkano ililipuka tarehe 22 Mei, na tarehe 27 Mei serikali ya jimbo iliamuru sehemu kubwa ya mji kuhama, juu magma ilionekana kusogea chini ya mji na chini ya ziwa. Watu kwa maelfu walipita njia ya Sake, wengine Rutshuru, wengine Rwanda, wengine Bukavu na mashua. Radio trottoir iliongeza saa na dakika: ziwa litawaka saa fulani. Ile saa ilipita. Ziwa halikuwaka.

Lakini tusifanye kosa la pili. Uvumi kukosa hakumaanishi hatari haiko. Kuhama kulikuwa na sababu, kwa sababu vipimo vilionyesha kitu. Tofauti kati ya onyo na uvumi ni hii: onyo linasema nani amepima, amepima nini, na watu wafanye nini. Uvumi unasema tu uogope, tena utume kwa watu kumi.

Na katika siku zile zile za 2021 kuko watu wenye walikufa juu ya kupita haraka juu ya lava yenye ilikuwa bado inapoa: gazi iliwakuta njiani. Wengine waliogopa ziwa lenye lilikuwa kimya, na hawakuogopa majiwe yenye yalikuwa bado yanatoa moshi.

Kama haukai Goma

Msomaji wa Uvira, Bunia, Butembo, Kindu ama Kalemie anaweza kusema: haya hayanihusu, kwetu hakuna mazuku. Lakini kifo bila kidonda kiko kila fasi, na uvumi wake ni ule ule.

Mbabula mu nyumba yenye imefungwa. Makala ikiwaka fasi yenye hewa haipiti inatoa gazi ingine, monoksidi ya karboni. Hiyo haina uzito wa mazuku, inajaa chumba kizima, na haina harufu pia. Jamaa inalala na mbabula juu ya baridi, asubuhi hawaamki. Majirani wanasema wamerogwa. Mbabula njo ilirogwa? Itoe nje kabla ya kulala, hata kama moto unaonekana umekwisha.

Kisima na shimo la choo. Vitu vyenye vinaoza vinakula oksijeni na kutoa gazi. Mtu mwenye anashuka kuchota ndoo yenye ilianguka anaweza kufa sawa na mtu wa mazuku.

Shimo la madini. Wachimbaji wanashusha motopompe chini ili kutoa maji, moshi wake unajaa njia. Ama shimo linakuwa refu na hewa haifike. Wanasema mzimu wa dhahabu umedai damu. Mashine kubaki juu na hewa kusukumwa chini kungeokoa wengi wao.

Namna ya kupima neno la ajabu

Kabla ya kusema “ni uchawi”, na kabla ya kutuma ujumbe mu WhatsApp, jiulize maswali manne.

Imetokea fasi ile ile mara ngapi? Kitu chenye kinarudia fasi moja kina sababu mu fasi ile.

Imegusa nyama na wadudu pia? Uadui wa watu hauue panzi.

Imetokea saa gani na hewa ilikuwa namna gani? Usiku wenye hauna upepo ni rafiki wa mazuku.

Nani aliona kwa macho, na nani alisikia tu? Ukifuata neno mpaka mwanzo, mara nyingi unakuta kila mtu alisikia kwa mwingine.

Maswali haya hayajibu kila kitu. Lakini yanatosha kuzuia mkono wenye tayari umebeba jiwe.

Cha kufanya

Ukikaa pande zenye ziko na mazuku, fundisha watoto fasi zote zenye zinajulikana, kwa jina, kabla ya kuwafundisha njia ya dukani. Mgeni ama muhami akifika, mwambie siku ile ile. Kuna fasi zenye zina kibao cha hatari. Zingine hazina, na kibao kinaweza kuibiwa kwa kuni. Basi maneno ya mkaaji njo kibao cha kweli.

Usilale mu bonde, mu pango ama mu shimo la lava, hata kama kuna mvua. Usichunge mule asubuhi na mapema wala jioni. Ukiona wadudu, ndege ama mijusi zimekufa fasi moja, rudi nyuma na kupanda juu. Ukisikia kuhema haraka, kizunguzungu, kichwa kuuma, usiiname na usikae chini: panda fasi ya juu.

Kabla ya kununua kiwanja ama kuchimba, uliza wakaaji wa zamani na uulize Observatoire Volcanologique ya Goma, juu ni kazi yake kufuata volkano na gazi zake. Usilale mu chumba chenye sakafu yake iko chini kupita udongo wa nje.

Mtu akianguka mu shimo, usishuke. Hata kama ni mtoto wako, usishuke bila vifaa. Ukianguka, atakuwa hana mtu wa kumvuta. Tafuta kamba, mti mrefu, ndoano, umvute ukiwa juu. Ita watu wengi, ita Msalaba Mwekundu ama wazimamoto kama wako karibu. Akitoka, mpeleke fasi yenye hewa inapita, angalia kama anapumua, na kama hapumue mumpulizie hewa mu mdomo. Mtu mwenye ametolewa mapema anaweza kuamka haraka, lakini mpeleke hospitali hata akisema amepona.

Na kiisha maziko, wakati watu wanaanza kutafuta nani alileta kifo, mwenye anajua aseme. Aonyeshe fasi, aonyeshe nyama zenye zilikufa pale, na aite shefu wa kartie aje kuweka alama. Ile alama itakinga mtoto wa nyumba ya pili, na itamkinga mama mzee wa nyumba ya tatu.